Nyasi za Kwetu, Nguo ya Ardhi



Ukitoka Tabora mjini kwenda Kwihara huendi mbali. Ni mwendo wa kilomita chache tu. Huko kuna nyumba ya tembe ambayo sasa ni makumbusho. Henry Morton Stanley alikaa humo mwaka 1871. David Livingstone naye alikaa humo mwaka 1872, tangu mwezi wa Februari mpaka Agosti, akingoja wapagazi wapya. Watu huja kutoka mbali kutazama nyumba hiyo. Hutazama mlango uliochongwa, hutazama kuta nene za udongo, hutazama miembe. Wachache sana hutazama chini, kwenye nyasi.

Somo letu la leo ni juu ya nyasi hizo. Tutasoma nyasi ni nini, zinafanya kazi gani, na jinsi darasa la kisomo linavyoweza kuzipanda ili mahali pawe pazuri na udongo usiende na maji.

NJIA YA MISAFARA

Tabora ilikuwa kituo kikubwa cha misafara. Njia ilitoka Bagamoyo pwani, ikapita Mpwapwa na Kilimatinde, ikafika Tabora, kisha ikaendelea mpaka Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika. Ni mwendo wa kilomita 1,200 hivi. Pembe za ndovu zilipita hapo. Watumwa walipita hapo, wamefungwa shingoni. Wapagazi wa Kinyamwezi walipita hapo na mizigo mabegani. Mwaka 2006 njia hii iliingizwa katika orodha ya awali ya Tanzania ya mahali panapopendekezwa kuwa urithi wa dunia, na Kwihara imetajwa humo.

Watu wakitaka kuonyesha njia hiyo ilipopita, huonyesha miembe. Ni kweli, miembe mingi ya zamani ilipandwa katika vituo vya misafara. Lakini mwembe ni mgeni. Asili yake ni Asia. Hatuukatai, maana kivuli chake ni kizuri na matunda yake tunayala. Ila kabla ya mwembe wa kwanza kupandwa, nyasi zilikuwapo.

Tena nyasi ndizo zilizobeba safari ile. Msafara ulipopiga kambi porini, wapagazi walikata fito na nyasi wakajenga vibanda vya kulala. Punda walilishwa nyasi. Njia yenyewe ilikuwa nyembamba, watu wakifuatana mmoja nyuma ya mwingine, na mwisho wa mvua nyasi za pande mbili ziliwapita kimo.

Mwaka 1861 alipita mtu mmoja aliyetazama chini. Jina lake ni James Augustus Grant, Mskoti aliyesafiri pamoja na Speke. Alikaa Unyamwezi miezi mingi. Njiani alikusanya mimea akaikausha kati ya karatasi. Mimea hiyo ilipelekwa Uingereza, na maelezo yake yakachapishwa London kati ya mwaka 1872 na 1875. Basi mimea ya kwetu imeandikwa kule zaidi ya miaka 140 iliyopita. Na sisi je? Majina ya Kinyamwezi ya nyasi zetu tumeyaandika wapi? Yamo vichwani mwa wazee. Mzee akifa, majina yanazikwa naye. Jambo hili tutalirudia mwisho wa somo, katika kazi ya daftari.

NYASI NI NINI?

Kila mwanakisomo alete shina moja la nyasi darasani. Lishike kati ya vidole vyako ulizungushe. Shina la nyasi ni mviringo, nalo lina vifundo. Katikati ya kifundo na kifundo mara nyingi ni tupu. Sasa chukua ndago ulizungushe vivyo hivyo. Utasikia pembe tatu. Kwa hiyo ndago si nyasi, ingawa majani yake yanafanana na nyasi.

Mahindi yana vifundo. Muwa una vifundo. Mwanzi una vifundo. Mtama, uwele, ulezi na mpunga vina vifundo pia. Mimea hii yote ni ya ukoo mmoja wa nyasi. Mtama, uwele na ulezi asili yake ni Afrika. Mahindi asili yake ni Meksiko. Mtu anayekula ugali wa mtama anakula mbegu za nyasi ambazo wakulima wa Afrika walizichagua msimu hata msimu, kwa maelfu ya miaka, mpaka zikawa kubwa.

Mti hukua kwa ncha za matawi yake. Ukiukata ncha, umeudhuru. Nyasi hukua kutoka chini, karibu na udongo. Ndiyo maana ng'ombe akila nyasi leo, baada ya siku chache zimechipua. Ndiyo maana moto ukipita mwezi wa sita, mwezi wa saba unaona kijani kinatokeza katika majivu. Lakini jembe likizing'oa na mizizi yake, zile za kudumu hazirudi upesi. Pale patatokea magugu ya msimu mmoja. Nayo yanapokauka, udongo unabaki uchi.

Nyasi za kudumu ndizo tunazozitaka. Mizizi yake ni mingi na myembamba kama nywele, nayo huweza kwenda chini zaidi ya mita moja. Katika misitu ya miombo ya Tabora ziko nyasi ndefu za kuezekea, ambazo wataalamu huziita Hyparrhenia. Ziko nyasi za kimo cha kiuno ambazo mwisho wa mvua hugeuka nyekundu kama udongo wa kichuguu. Ziko zenye vichwa laini vya rangi ya waridi, zinazoota pembeni mwa barabara. Uko na ukoka, unaotambaa chini na kushona udongo kama uzi. Kwenye mbuga za udongo mweusi ziko nyingine tena, zinazovumilia maji ya masika na ufa wa kiangazi.

Tazama jinsi rangi zinavyobadilika. Desemba kila kitu ni kijani. Machi na Aprili vichwa vinatoka, na upepo ukipita mbuga nzima inacheza. Juni inakuwa nyekundu na dhahabu. Watu wa mjini hununua nyasi za kigeni, wakazimwagilia maji kila jioni ili zibaki kijani mwaka mzima. Mimi naona hiyo ni kazi bure katika nchi ambayo mvua hukoma Aprili au Mei na kuanza tena Novemba. Nyasi za kwetu zinaijua kalenda hiyo. Kiangazi hulala, mvua ikinyesha huamka, bila ndoo hata moja ya maji.

JARIBIO LA MBEGU

Mnazijua nyasi ambazo mbegu zake huchoma nguo na kuingia katika soksi. Chukueni mbegu moja iliyokauka, yenye mkia wake mrefu. Tazameni vizuri: mkia umesokotwa kama kamba. Sasa lowesheni kiganja, mwekeni mbegu hiyo juu yake, mngoje kidogo.

Mbegu itaanza kuzunguka. Mkia ukipata maji unajisokotoa. Ukikauka unajisokota tena. Katika shamba, umande wa usiku na jua la mchana huuzungusha mkia huo huku na huku, na ncha kali ya mbegu hujichimbia udongoni yenyewe. Mbegu hiyo haina jembe, lakini inajipanda. Wafanyeni watoto wenu jaribio hili nyumbani. Watalipenda.

KAZI YA NYASI KATIKA UDONGO

Tone la mvua ya kwanza huanguka kwa nguvu. Likiangukia udongo mtupu huupiga kama nyundo. Punje za udongo hutawanyika, kisha huziba matundu madogo ambayo maji yangepitia. Maji yakishindwa kuingia, yanakimbia. Yakikimbia, yanabeba udongo wa juu, ule wenye rutuba.

Likiangukia nyasi, tone huvunjwa na majani. Maji huteremka polepole kwa kufuata shina mpaka mizizini, yakaingia.

Tazama nyumba ya zamani yenye uwanja unaofagiliwa kila asubuhi. Msingi wake ulikuwa usawa wa ardhi siku ilipojengwa. Sasa umebaki juu kama ngazi, na mizizi ya mti wa uwanjani iko nje. Si nyumba iliyopanda. Ni uwanja ulioshuka. Fagio lililegeza udongo, mvua ikauchukua.

Hapa lazima tuseme ukweli wote. Usafi wa uwanja ni jambo jema. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwafikia watu karibu milioni mbili, waliokutana katika vikundi na kusikiliza redio. Ilifundisha kufyeka majani karibu na nyumba na kufukia madimbwi, ili mbu wa malaria wapungue. Watu walifanya kazi hiyo kwa mikono yao. Mwaka 1980 ikaja kampeni ya Misitu ni Mali, watu wakapanda miti. Nyasi hazikupata kampeni yao. Zilibaki kuwa kitu cha kufyekwa.

MAZUNGUMZO

Someni mazungumzo haya kwa sauti. Mmoja awe Mzee, mmoja awe Mama, mmoja awe Mwalimu.

MWALIMU: Shikamoo, Mzee. Shikamoo, Mama.

MZEE: Marahaba, Mwalimu. Nimesikia unataka tupande majani hapa darasani. Sisi tumelelewa kujua kwamba uwanja wenye majani ni uwanja wa mvivu.

MWALIMU: Ni kweli, Mzee, uwanja ulioachwa ni wa mvivu. Lakini uliopandwa kwa mistari si ulioachwa. Shamba la mpunga nalo limejaa majani, na hakuna anayemwita mwenye shamba mvivu.

MZEE: Haya. Na nyoka?

MWALIMU: Nyoka hufuata panya, na panya hufuata nafaka na takataka. Tuseme hivi: hatua ishirini kutoka kwenye nyumba pabaki peupe kabisa. Nyasi zianze baada ya hapo, upande wa mteremko.

MAMA: Mimi nyoka simwogopi kama moto. Ukifika mwezi wa nane, mtu mmoja akichoma shamba lake, moto unatufikia sote.

MWALIMU: Umesema neno kubwa, Mama. Kwanza tufagie njia ya moto kuzunguka nyasi, upana wa hatua nne. Pili, nyasi ndefu zikatwe Juni au Julai, mbegu zikishaanguka. Moto wa mwezi wa nane utakuta visiki tu.

MAMA: Zikikatwa ni za nani?

MWALIMU: Wewe unasemaje?

MAMA: Nasema hivi. Zamani nilikata majani ya kuezekea nyuma ya shamba langu. Sasa pote pamelimwa au pameliwa na ng'ombe. Natoka alfajiri, narudi jioni na mzigo mmoja, na paa linataka mizigo mingi. Fedha ya bati sina. Kama majani haya yatakuwa ya kutazama tu, mimi sitashika jembe. Kama yataezeka nyumba za wajane kwa zamu, nitakuja na wenzangu.

MZEE: Hapo umenena. Tuandike hilo kwanza, kabla ya kuchimba.

Mazungumzo yaishie hapo. Sasa darasa lenu lijibu swali la yule Mama: nyasi zikikatwa, ni za nani? Msiharakishe. Bustani nyingi za pamoja hufa kwa sababu swali hili halikuulizwa mapema.

WENGINE WAMEFANYAJE?

Jirani zetu Wasukuma wana desturi ya ngitili. Hata katika mkoa wetu, upande wa Nzega na Igunga, desturi hii inajulikana. Mvua zinapoanza, sehemu fulani ya malisho hufungwa. Mifugo haiingii. Nyasi hukua, huzaa mbegu, hukauka zikiwa zimesimama. Kiangazi kikikaza na malisho ya nje yakiisha, ngitili hufunguliwa. Iko ngitili ya mtu na iko ngitili ya kijiji. Mkutano wa jadi wa wanakijiji huweka sheria, na anayeingiza ng'ombe kabla ya siku yake hutozwa faini.

Desturi hiyo ilikuwa karibu kufa. Shinyanga miti ilifyekwa kwa miaka mingi, kwanza ili kumfukuza mbung'o, baadaye kwa ajili ya mashamba ya pamba na kuni. Mwaka 1986 ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kama HASHI. Wakati huo ngitili zilizojulikana zilikuwa kama hekta 600 tu. Mradi haukuleta dawa mpya. Uliwarudishia watu desturi yao na kuiheshimu. Ulipomalizika mwaka 2004, ngitili zilikuwa zimepita hekta 300,000. Siyo nyasi tu zilizorudi. Miti, ndege, dawa za miti shamba na asali vilirudi pia.

Mbali kusini, katika milima ya Mbinga, Wamatengo hulima ngoro. Hukata nyasi, huzilaza chini kwa mistari inayokatana kama wavu, kisha hufukia mistari hiyo kwa udongo wanaouchimba katikati. Hivyo kila jicho la wavu huwa shimo, na kingo zake huwa kitanda cha kupandia. Mvua ikinyesha kwenye mteremko mkali, maji hutulia ndani ya mashimo. Nyasi zilizofukiwa huoza na kuwa mbolea. Ukitazama kutoka mlima wa pili, unaona mlima mzima kama sega la nyuki. Ni pambo kubwa kuliko picha yoyote ya ukutani, na waliolifanya walikuwa wanatafuta maharage na mahindi.

Ziko pia nyasi za Afrika zilizovuka bahari. Baadhi ya nyasi zetu ndefu zilipelekwa Brazili kulishia ng'ombe. Huko sasa zimekuwa magugu yanayosukuma nje nyasi za wenyeji. Nyasi nzuri mahali pake huweza kuwa adui mahali pengine. Kwa hiyo tusiagize mbegu kutoka mbali. Tuanze na zile zilizo umbali wa kutembea kwa miguu.

TUPANDE MISTARI INAYOFUATA ARDHI

Chagueni mteremko ulio kati ya barabara na darasa, au karibu na kisima, mahali ambapo maji ya mvua hupita mbio. Mistari ya nyasi lazima ikate mteremko usawa. Ikielekea chini kidogo, maji yataifuata na kuchimba korongo. Kwa kuwa jicho hudanganya, tengenezeni kipimo.

Chukueni fito mbili za mita mbili kila moja. Zifungeni pamoja juu, zitanueni chini. Fungeni fito ya tatu katikati, iende kulia na kushoto. Sasa mna umbo la herufi A. Hapa waliojifunza kusoma juzi wataifurahia herufi yao ya kwanza. Kutoka juu ning'inizeni uzi wenye jiwe. Simamisheni kipimo, wekeni alama pale uzi unapogusa fito ya kati. Geuzeni miguu, mguu wa kulia ukae pale pale ulipokuwa wa kushoto, wekeni alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili chongeni alama kubwa. Uzi ukipita kwenye alama kubwa, miguu yote miwili iko usawa.

Anzeni upande mmoja wa mteremko. Pigeni kigingi penye mguu wa kwanza. Usogezeni mguu wa pili juu au chini mpaka uzi upite kwenye alama kubwa, kisha pigeni kigingi cha pili. Endeleeni hivyo. Mkimaliza, vigingi havitakuwa vimenyooka kama rula. Vitapinda pale ardhi inapopinda. Msivinyooshe! Kupinda huko ndiko uzuri wake, na ndiko kunakozuia maji.

Mvua za kwanza zikiisha kulowesha udongo, nendeni porini mkachimbe mashina ya nyasi za kudumu. Katika kila mashina matatu chukueni moja tu. Pasueni shina katika vipande vyenye mizizi. Kateni majani yabaki urefu wa shubiri moja, ili yasinyonye maji mengi. Pandeni kwenye mfereji mdogo, shubiri moja kati ya kipande na kipande. Acheni hatua mbili au tatu kati ya mstari na mstari.

Sasa fikirini kama mfuma ukili anayechagua rangi. Karibu na njia wekeni ukoka, kwa kuwa ni mfupi na unastahimili miguu. Mstari unaofuata wekeni zile nyasi nyekundu za kimo cha kiuno. Nyuma kabisa wekeni za kuezekea. Mkichanganya hovyo, ndefu zitazifunika fupi. Penye kichuguu msikisawazishe. Kiacheni na nyasi zake zinazoota zenyewe juu yake, maana mara nyingi si zile zile za uwanda. Tena kichuguu kitawafaa: pandeni juu yake mwezi wa Aprili mtazame mistari yenu.

Mwaka wa kwanza zungusheni miiba, mbuzi wasiingie, wala msikate kitu. Acheni mbegu zianguke. Mwaka wa pili mnaweza kukata za kuezekea, lakini bakizeni robo bila kukatwa, ili iwe ghala ya mbegu.

KAZI YA DARASA

1. Kwa nini nyasi huchipua tena baada ya kuliwa na ng'ombe, lakini hazichipui upesi baada ya kung'olewa kwa jembe?

2. Tafuteni nyumba moja ya zamani kijijini kwenu. Pimeni kwa rula uwanja umeshuka sentimita ngapi chini ya msingi. Ulizeni nyumba ilijengwa mwaka gani. Gawanyeni ili mjue uwanja unashuka kiasi gani kila mwaka.

3. Andikeni sheria tatu za nyasi za darasa: nani atakata, lini, na zitaezeka nyumba ya nani kwanza. Wote waweke sahihi.

4. Chukueni daftari moja, mlipige mistari iwe na safu tano: jina la Kinyamwezi au Kisukuma, jina la Kiswahili kama lipo, mahali inapoota, kazi yake, na mwezi wa kuzaa mbegu. Waiteni wazee, mtembee nao njiani asubuhi moja. Kila nyasi wanayoitaja iandikwe, na shina lake likaushwe na kubandikwa kwenye ukurasa wake. Wazee wawili wakitofautiana juu ya jina, andikeni majina yote mawili. Daftari likae darasani, juu ya rafu ambayo mchwa hawafiki.